Kukimbia marathoni mjini Moshi kuchangia utafiti wa saratani: mpokeaji wa fedha kwanza, viatu baadaye

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 38, naishi Njiro, Arusha. Mwaka jana tulimpoteza mama mdogo kwa saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Nimeamua kukimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon Februari ijayo, miezi mitano kutoka sasa, na kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Kwa sasa nakimbia kilomita 8 hadi 10, mara tatu kwa wiki. Walimu wenzangu wananiambia utafiti ni mambo ya wazungu, bora hela hiyo nimpe mgonjwa mkononi. Je, mbio nitazimaliza? Fedha nizikusanyeje na nimkabidhi nani? Na nikiishia njiani, nirudishe michango ya watu?

Jibu: Mwalimu, pole sana kwa kumpoteza mama mdogo. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusimamia fedha za miradi ya utafiti wa afya huku Kaskazini, na alfajiri nakimbia na klabu, kwa hiyo swali lako limenigusa pande zote mbili. Ila umeanza na miguu, na mimi nitaanza na fedha. Miguu ina miezi mitano ya kuandaliwa. Mpokeaji wa fedha anatakiwa ajulikane kabla hujamwomba mtu wa kwanza hata shilingi elfu moja.

Walimu wenzako hawajasema upuuzi. Kila ukoo huku kwetu una mtu aliyeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili mgonjwa apelekwe hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kupigwa mionzi, maana kwa miaka mingi mionzi hiyo haikupatikana Kaskazini. Mtu aliyeshuhudia hayo ukimwambia neno "utafiti", anaona karatasi na semina za hotelini. Usimbishie. Mpe mifano miwili ya nyumbani.

Wa kwanza ni wa Mwanza. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilijaribiwa kwanza mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, kisha mwaka 2018 ikasambazwa nchi nzima kwa dozi mbili. Dozi mbili maana yake ni muuguzi arudi shuleni mara ya pili na amkute binti yule yule, ambaye huenda amehama au hakufika siku hiyo. Watafiti wakauliza: je, dozi moja haitoshi? Mwaka 2017 wakaanza kuwafuatilia wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, waliopewa dozi moja, mbili au tatu, wakawa wanapima kinga kwenye damu yao mwaka hadi mwaka. Kinga ya waliopata dozi moja ilidumu. Majibu hayo, pamoja na ya Kenya na kwingineko, yaliingia kwenye ushahidi ambao Shirika la Afya Duniani liliutumia mwaka 2022 kukubali dozi moja, na Tanzania ikahamia dozi moja mwaka 2024. Mwalimu mwenzako mwenye binti darasa la tano anafaidi utafiti huo bila kujua, na waliotoa mikono yao kuchomwa sindano si wazungu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na msiba wako, nao nakushauri uujue vizuri kwa sababu ndio utakaokuchangishia. Saratani ya umio imekithiri katika ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia, unapita Kenya na Tanzania, hadi Malawi na kusini zaidi. Wengi wanaougua huku hawafanani na wagonjwa wa Ulaya, ambako sigara na pombe hueleza sehemu kubwa ya ugonjwa. Basi watafiti wa hapa Moshi wakaingia kwenye nyumba za watu Kilimanjaro na kitu kidogo sana, kipimajoto. Chai ikamiminwa kama inavyomiminwa siku zote, na mtu alipotaka kupiga funda la kwanza, wakapima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: wastani ulikuwa nyuzi 70.6. Mwaka uliofuata, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani. Na katika vipimo vile vya Kilimanjaro, wanywaji wa chai ya maziwa ndio walioanza kunywa ikiwa ya moto zaidi, juu ya hayo maziwa huifanya chai ichelewe kupoa. Baadaye wagonjwa wa umio na watu wasio na ugonjwa huo, hapa Moshi na kule Malawi, walilinganishwa katika utafiti mkubwa zaidi, na uhusiano wa ugonjwa na chakula au kinywaji cha moto sana ukaonekana tena.

Tahadhari, usimwambie mtu kwamba chai ndiyo iliyomuua mama mdogo. Kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kusema hivyo, na bado kuna visababishi vingine vinavyochunguzwa. Unachoweza kusema kwa ujasiri ni kwamba swali lililoulizwa hapa kwetu kwa kifaa cha bei ndogo limetoa ushauri ambao bibi yeyote wa Marangu anaweza kuufuata bila gharama, yaani aache chai ipoe kidogo. (Najua. Jaribu kumwambia Mchaga chai ipoe.)

Sasa, fedha zako zitafanya nini? Hapa ndipo wachangishaji wengi wanapoteleza kwa kuahidi makubwa. Tuseme watu 300 wanakupa shilingi 10,000 kila mmoja. Hiyo ni milioni tatu. Milioni tatu hainunui mashine ya mionzi, hailipii jaribio la dawa mpya, na haitaleta "tiba ya saratani". Ukiliandika neno hilo kwenye bango lako, umeshaudanganya umma hata kama hukukusudia. Lakini kwenye mradi mdogo milioni tatu inaonekana. Inalipa nauli za washiriki wanaotoka Rombo au Same kuja kuhojiwa, inawalipa wahojaji, inagharimia usafirishaji wa sampuli. Kuna madaktari wanaosomea ubingwa ambao wanatakiwa kufanya utafiti wao, na wengi wanaingia mfukoni kwao wenyewe. Fedha ya namna hiyo kwa daktari mmoja anayetaka kujua, kwa mfano, kwa nini wagonjwa wa umio hufika hospitali wakati hata maji hayapiti tena, ni fedha inayomaliza kazi.

Kwa hiyo nenda KCMC, hapa Moshi. Pale pana hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, pana chuo kikuu na taasisi ya utafiti wa kitabibu, na wagonjwa wa saratani wanatibiwa pale pale. Usiende kwa daktari unayemfahamu ukakabidhi hela chini ya meza hata kama ni mtu mwema. Andika barua rasmi kwa uongozi, useme unataka kuchangia utafiti wa saratani, ikiwezekana ya umio, na uombe majibu ya mambo haya: mradi upi unaohitaji fedha ndogo sasa na kama una kibali cha maadili ya utafiti, akaunti ya taasisi ni ipi, na ni asilimia ngapi inakatwa kwa ajili ya usimamizi. Hilo la mwisho watu wanaona haya kuliuliza. Uliza. Makato ya usimamizi si wizi, kwani umeme, mhasibu na mkaguzi wa hesabu lazima walipwe, ila mchangiaji akija kugundua baadaye mwenyewe atahisi kuibiwa. Wakikujibu kwa maandishi, una msingi. Wakikuambia "wewe lete tu, tutaona cha kufanya", shukuru kwa heshima na utafute mlango mwingine.

Na kama baada ya haya yote moyo wako bado unavutwa na mgonjwa, hakuna dhambi. Changisha kwa ajili ya matibabu au uchunguzi wa mapema na useme hivyo. Mbio za NBC Dodoma Marathon zimewahi kuchangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa kushirikiana na Ocean Road, na fedha ya uchunguzi nayo inaokoa watu. Nisichokubaliana nacho ni kuchanganya mafungu. Fedha iliyoombwa kwa jina la utafiti haigeuzwi kuwa ya dawa za jirani hata kama jirani anaumwa kweli, kwa sababu aliyetoa alitoa kwa neno lako.

Kuhusu kukusanya, huhitaji kuiga uchangishaji wa mbio za London. Sisi tuna shule yetu ya michango, nayo ni kamati ya harusi. Unaijua: kuna mwenyekiti, mweka hazina, kundi la WhatsApp, orodha ya ahadi na orodha ya waliokamilisha, na ile ratiba ya kukumbushana kila mwisho wa mwezi mshahara unapotoka. Fanya vivyo hivyo, ila watu watatu wanatosha, na mweka hazina asiwe wewe. Mkimbiaji anayejishikia fedha mwenyewe anajitafutia maneno. Mtu anapotuma hela kwa simu, jina linalojitokeza kabla hajaweka namba ya siri ndilo linalomtuliza au kumtia shaka. Likitokea jina la taasisi, anabonyeza. Likitokea jina lako, rafiki atabonyeza, lakini rafiki wa rafiki atasita. Kwa hiyo omba taasisi ikupe akaunti au lipa namba yao, na fedha zisipite kwako kabisa. Kama haiwezekani, fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, na makato ya kutuma na kutoa myahesabu mapema. Ukitaka kuwachangisha watu usiowajua, sokoni au stendi, pitia kwanza halmashauri uulize utaratibu.

Kiasi cha kuomba kitaje. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu wa kulia kwa saratani ya mfupa, alianza kuikimbia nchi yake kutoka mashariki kwenda magharibi kwa mguu wa bandia, karibu masafa ya marathoni kila siku. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipomrudia mapafuni akasimama. Alifariki mwaka uliofuata. Watu wengi wanakumbuka mguu ule. Mimi nakumbuka ombi lake: dola moja kwa kila Mkanada. Kila aliyesikia alijua anatakiwa kutoa nini, maskini kwa tajiri, na kabla hajafa kiasi hicho kilikuwa kimetimia, zaidi ya dola milioni 24. Ombi la "chochote ulichojaliwa" linamwacha mtu akipiga hesabu ya aibu: elfu tano ni ndogo? Ishirini itaniumiza? Akishindwa kuamua, anaahirisha.

Ujumbe wako usizidi skrini moja ya simu. Kitu kama hiki: "Habari za leo. Februari nitakimbia Kilimanjaro Marathon mjini Moshi kwa kumbukumbu ya mama yetu mdogo aliyefariki kwa saratani ya umio. Naomba 10,000 yako iende KCMC kwenye utafiti wa ugonjwa huu hapa hapa Kilimanjaro. Unatuma moja kwa moja kwao, si kwangu. Kiingilio, nauli na viatu najilipia mwenyewe." Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko unavyodhani. Ada ya kushiriki inakwenda kwa waandaaji wa mbio, haihusiani na saratani, na mtu asiyejua hilo atadhani ukishajiandikisha umeshachangia. Ukichapisha picha ya marehemu, iwe ni kwa ruhusa ya watoto wake, na iwe picha yake akiwa mzima. Picha ya mgonjwa kitandani amevaa mipira ya kulishia inachangisha haraka, nami siipendi hata kidogo.

Tukija kwenye miguu, ushauri wangu ni mfupi na hutaupenda: kimbia kilomita 21 mwaka huu. Mchangiaji hatoi kwa kilomita. Hakuna aliyewahi kuniambia angetoa elfu kumi kwa 42 na elfu tano kwa 21. Kilomita 21 utazimaliza ukitabasamu, na Jumatatu utaingia darasani.

Kama umeshaapa mbele ya kaburi kwamba ni 42, basi inawezekana, ila ijue njia. Mbio zinaanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Wakimbiaji wa 42 kwanza wanatolewa upande wa barabara ya Dar es Salaam na kurudishwa mjini, njia isiyo na mlima wa kutisha, na hapo ndipo wageni wanapojimaliza kwa kasi. Kisha, mtu akiwa na nusu ya safari miguuni, anageuzwa kuelekea Mweka. Ni kupanda kwa takribani kilomita kumi, katikati ya migomba na kahawa, watoto wamejipanga pembeni wanapiga kelele, na Mlima uko mbele yako kama haujavaa mawingu. Ukigeuza kule juu kilomita 32 hivi, unashuka hadi uwanjani. Watu wanaogopa kupanda, kumbe kushuka ndiko kunakochana mapaja. Ndiyo maana nakushauri kabla ya mwisho wa Januari upande Coaster siku ya Jumamosi, ufike Moshi, ukimbie kutoka mjini hadi Mweka na kurudi, ili miguu ipajue.

Arusha inakusaidia kwa jambo moja, inakudanganya kwa jingine. Upo mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini ni chini ya mita 1,000, hivyo pumzi utakuwa nayo. Lakini Njiro alfajiri kuna baridi, na Moshi ya Februari ni tanuri. Baadhi ya mazoezi yako ya Januari yafanye saa tatu asubuhi jua likiwa limeshapanda, uone mwili unavyobadilika. Ongeza siku ya nne ya mazoezi, mbio ndefu iwe Jumapili kabla ya ibada au Jumamosi, uongeze kilomita mbili kila wiki, na kila wiki ya nne upunguze upumzike. Ukifika 30 inatosha, nayo iwe wiki tatu kabla ya mbio. Kasi ya mazoezi mengi iwe ile ambayo unaweza kupiga soga na mwenzako. Tafuta huyo mwenzako kweli, kwa sababu bodaboda za saa kumi na moja alfajiri hazina taa wala huruma. Kimbieni mkiyaangalia magari yanayokuja.

Viatu vya mtumba vya soko la Memorial, Moshi, ni halali kabisa mradi soli isiwe imelala upande mmoja, na uvizoee mapema. Maji kunywa kwa kiu. Kuna watu wanaolazwa baada ya marathoni si kwa kukosa maji bali kwa kuyanywa kupita kiasi hadi chumvi ya damu ikashuka. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni asubuhi ya mbio "ili kuzuia maumivu", kwa sababu figo iliyopungukiwa maji haizipendi. Kapime presha na sukari mapema. Na asubuhi ile kunywa chai yako mapema, ikiwa imepoa.

Umeuliza kama utarudisha michango ukiishia njiani. Hapana, na ujumbe wako wa kwanza uwaambie watu hivyo, ili isije ikaonekana ni kisingizio cha baadaye. Fedha iliyoshaingia akaunti ya taasisi ni ya utafiti, haikuwekwa dau kwamba utamaliza. Hata ukikimbia kilomita tatu na goti likagoma, kazi yako ya Jumatatu ni ile ile: mweka hazina achapishe kwenye kundi jumla iliyoingia, makato yaliyokatwa, na picha ya stakabadhi ya taasisi. Waliotoa ahadi hawajakamilisha wakumbushwe mara moja tu, mwisho wa mwezi Machi. Baada ya hapo kundi lifungwe, lakini usifute namba zao, kwa sababu yule daktari akimaliza utafiti wake baada ya mwaka au miwili utamwomba ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza alichokipata, uwatumie wote waliochanga. Hilo liingize kwenye barua ya kwanza kabisa kwa KCMC. Ukilidai baadaye, utaambiwa matokeo yapo kwenye jarida, kwa Kiingereza.